Mapovu makavu kwa chakula cha Unguja: Cap Classique, Prosecco, shampeni au Cava?

Mgeni akikwambia anataka "kitu cha mapovu, kikavu, kisiwe na sukari" huku ameagiza pweza wa nazi, bajia na kibakuli cha achari ya embe, ameshakutwisha kazi. Kwenye orodha ya vinywaji ya mikahawa mingi ya wageni, toka Mji Mkongwe hadi Nungwi na Paje, chupa za mvinyo wa mapovu zinafanana kwa macho: kizibo kinene kilichofungwa waya, karatasi ya kung'aa shingoni, neno Brut, yaani kavu, kwenye lebo. Bei ndizo hazifanani hata kidogo. Ile ya Ufaransa, shampeni, inaweza kukununulia mbili au tatu za wenzake na chenji ikabaki.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake. Kwa chakula cha visiwani, chenye tui, ndimu na viungo, chupa ya kwanza kuifikiria ni Cap Classique ya Afrika Kusini iliyoandikwa Brut. Prosecco ya Italia ina siku yake, na siku yake ni pale pilipili inapozidi. Shampeni iwekee chaza na kamba koche, tena kama mgeni mwenyewe ameitaja. Cava ya Uhispania ukiipata, ichukue bila wasiwasi. Sababu zake ndizo hizi.

Kilichomo ndani ya chupa

Shampeni halisi inatoka sehemu moja tu duniani, jimbo la Champagne, mashariki ya Paris, penye miji ya Reims na Épernay. Zabibu zake ni hasa Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Mvinyo ukishachacha mara ya kwanza unatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa, na kuchacha kwa pili kunatokea humo humo. Gesi inakosa pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo. Hamira ikifa inatuama, na mvinyo unaendelea kukaa nayo. Sheria ya kule hairuhusu shampeni ya kawaida kutoka kabla ya miezi 15 chupani, na ile iliyoandikwa mwaka wa mavuno haitoki kabla ya miaka mitatu. Kukaa huko na hamira ndiko kunakoleta harufu ya mkate uliotoka tanuri na korosho za kukaanga, na yale mapovu madogo madogo yanayopanda kwa mstari bila kuchoka.

Mwishoni chupa inageuzwa kichwa chini, masimbi ya hamira yanashuka shingoni, shingo inagandishwa kwa baridi, kizibo kinafunguliwa na masimbi yanaruka. Pengo linalobaki linajazwa mvinyo wenye sukari kidogo. Kipimo cha sukari hiyo ya mwisho ndicho kinachoamua chupa itaandikwa nini, na tutarudi kwake.

Cap Classique inatengenezwa kwa njia hiyo hiyo, ila Afrika Kusini. Chupa ya kwanza ya aina hiyo kule ilitengenezwa na shamba la Simonsig, Stellenbosch, kwa mavuno ya 1971, ikaitwa Kaapse Vonkel. Leo zinatoka pia Franschhoek na Robertson. Zabibu ni Chardonnay na Pinot Noir kwa wingi, na mara nyingine Chenin Blanc au Pinotage. Jua la kule ni kali kuliko la Champagne, kwa hiyo zabibu zinaiva zaidi. Ukionja unakuta tunda limejaa na uchachu umelainika kidogo, lakini ile harufu ya mkate ipo. Utulivu huo wa uchachu ndio unaoifanya ikae vizuri na tui la nazi, na humo ndimo ninamoipa ushindi.

Prosecco inatoka kaskazini mashariki ya Italia, kwa zabibu ya Glera isiyopungua asilimia 85. Kuchacha kwake kwa pili hakufanyiki kwenye chupa bali kwenye tangi kubwa la chuma lililofungwa, na mambo yanakwisha kwa wiki, si kwa miaka. Ndiyo maana haina harufu ya mkate. Ina tufaha la kijani, peasi, na ukiinusa polepole, kitu cha karibu sana na asmini. Ni nyepesi, mara nyingi ina kileo cha asilimia 11 hivi. Wapo wanaoidharau kwa sababu ni rahisi. Mimi siidharau; saa kumi na moja jioni pale Kendwa, jua linashuka na mtu hajala chochote, hakuna chupa inayoifikia. Iangalie tu lebo, maana zipo Prosecco zilizoandikwa Frizzante ambazo gesi yake ni kidogo sana na ukimletea mgeni aliyetaka mapovu ya kweli atakuona umemletea iliyolala.

Cava ni ya Uhispania, nyingi yake inatoka Catalonia, na inapitia njia ya chupani kama shampeni, ikikaa miezi 9 kwa uchache, 18 ikiwa Reserva. Zabibu zake ni Macabeo, Xarel·lo na Parellada. Ni kavu kwelikweli, ina kiharufu cha lozi na ganda la limau. Tatizo lake hapa kwetu ni kuadimika.

Na kwa kuwa nimezaliwa Dodoma, naulizwa mara kwa mara kama hatuna mapovu yetu wenyewe. Zabibu tunazo, na tunavuna mara mbili kwa mwaka jambo ambalo Mfaransa hawezi kuliota. Lakini mvinyo wa Dodoma ninaouona mezani ni ule uliotulia, usio na mapovu, mweupe na mwekundu, kwa hiyo kwenye mashindano ya leo haumo.

Sukari kwanza, jina baadaye

Neno lililo kwenye lebo lina kipimo nyuma yake. Brut Nature ina sukari isiyozidi gramu 3 kwa lita. Extra Brut haizidi 6. Brut haizidi 12. Kisha inakuja Extra Dry, ambayo ina gramu 12 hadi 17, na hapa ndipo wahudumu wapya wanapoteleza: Extra Dry ni tamu kuliko Brut, ingawa lebo inajigamba kwa ukavu. Juu yake ipo Sec au Dry, 17 hadi 32, na Demi-Sec, 32 hadi 50.

Tuliweke kwa vijiko. Chupa nzima ya Brut, ujazo wa mililita 750, haizidi gramu 9 za sukari, yaani vijiko viwili vya chai na kitu, na hiyo ni kwa gilasi sita. Extra Dry inafika vijiko vitatu. Tofauti ya kijiko kimoja kwenye chupa nzima unaweza kuiona ndogo, lakini chakula cha pilipili kitakwambia si ndogo.

Prosecco nyingi zinazouzwa ni Extra Dry. Cap Classique na shampeni nyingi ni Brut. Basi mgeni akisema "sitaki tamu kabisa" na ukamletea Prosecco bila kusoma lebo, makosa si yake.

Mezani

Jikoni tunapika na mama mmoja wa Makunduchi ambaye hajawahi kuonja mvinyo na hana mpango huo. Kijana aliyeajiriwa msimu huu alikwenda dirishani kwake na karatasi ya oda mkononi.

"Shikamoo bi mkubwa. Hawa wa pweza niwapelekee mvinyo gani?"

"Marahaba. Mvinyo miye siujui, mwanangu. Kawaulize wanataka pilipili kiasi gani, ndo urudi."

Ndilo swali la kwanza la kazi hii, na watu waliosomea mvinyo ughaibuni wanalisahau. Gesi inauchokoza ulimi pale pale ambapo pilipili imekwishauchoma, na kileo kinaongeza moto. Mvinyo mkavu kabisa juu ya pilipili mbuzi unakuwa mkali, mchungu, na ladha yake yote inapotea. Sukari kidogo inapoza. Kwa hiyo pweza mmoja yule yule ana majibu mawili.

Pweza wa nazi asiye na pilipili nyingi, aliyechemshwa akalainika, tui zito limekolea bizari ya manjano, thomu na ndimu kidogo mwishoni: hapo lete Cap Classique Brut. Tui lina mafuta na lina utamu wake wa chini chini. Mapovu yanauosha mdomo baada ya kila tonge, uchachu unaukata mchuzi, na ile harufu ya mkate inakutana na nazi kama vile zimepikwa sufuria moja. Prosecco kwenye sahani hii inazama; unaonja nazi, kisha unaonja maji ya tufaha, havizungumzi. Shampeni inaweza, lakini ile yenye uchachu mkali inauacha mchuzi wa nazi uonekane mzito kuliko ulivyo. Umelipia mara tatu kwa matokeo ya chini.

Pweza huyo huyo akipikwa na pilipili mbuzi mbili tatu zilizopasuliwa, geuza uamuzi: Prosecco Extra Dry, baridi sana. Hapo wepesi wake na kile kijiko cha ziada cha sukari vinafanya kazi. Samaki wa kupaka anafuata sheria hiyo hiyo, ila kwa kuwa ameanza kwenye mkaa, ule moshi unaipenda zaidi Cap Classique, hata pilipili ikiwepo kidogo.

Vya kukaanga ndiyo raha ya mvinyo huu. Bajia za kunde, kachori, sambusa za nyama, ngisi aliyekatwa pete akakaangwa. Mafuta na chumvi vinataka uchachu na mapovu, na Brut yoyote katika hizi nne inafaa. Hapa ndipo ningemshauri anayelipa mwenyewe achukue ya bei ya chini bila kuona haya. Angalizo ni chatne. Chatne ya nazi haina neno. Chatne ya ukwaju ikimiminwa juu ya bajia, uchachu wa chakula unapita uchachu wa mvinyo, na mvinyo unaonekana bapa, hauna kitu. Ukijua hilo utaelewa na achari: achari ya embe au ya ndimu inamaliza mvinyo wowote mkavu. Sisemi uiondoe mezani, mgeni amekuja Zanzibar kula achari. Mwambie tu anywe kwanza, aonje achari baadaye.

Na urojo? Wageni wanautaka, wameuona Forodhani, na hoteli nyingine zinaupika siku hizi kwa bakuli dogo la kufungulia mlo. Mchuzi wake wa unga unachachuliwa kwa embe mbichi au ukwaju, ndani mna mbatata, bajia, kachori, mishkaki, chatne na pilipili, juu yake chipsi za muhogo. Ni chachu, ni moto, ni tamu, ni chumvi, vyote kwa wakati mmoja. Nimeona watu wakiujaribu na kila aina ya mapovu na sijashawishika. Uuze urojo na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mvinyo usubiri sahani inayofuata.

Chaza wa miambani ni habari nyingine. Chumvi ya bahari, utelezi, hakuna mafuta, hakuna viungo. Hapa ukavu na ukali ndivyo vinavyotakiwa, na hapa shampeni inastahili bei yake, hasa iliyoandikwa Blanc de Blancs, yaani ya zabibu nyeupe tu, Chardonnay. Extra Brut ni bora zaidi ya Brut. Cava Brut Nature inaikaribia kwa pesa kidogo sana. Punguza ndimu: matone mawili yanatosha, kwa sababu ndimu yetu ina uchachu unaoshinda wa mvinyo. Kamba koche wa kuchoma kwa siagi na thomu naye ni wa shampeni, na hapa ile iliyokaa miaka chupani inajionyesha, korosho juu ya siagi. Kama bajeti haifiki, Cap Classique iliyoandikwa mwaka wa mavuno itamridhisha yeyote asiyetaka kusoma jina.

Pilau watu wanaiogopa bure. Pilau ya Unguja ina karafuu, mdalasini, hiliki, pilipili manga na bizari nzima, lakini haiunguzi. Viungo vyake ni vya harufu. Kwa pilau ya ng'ombe au mbuzi ningechukua Cap Classique ya rangi ya waridi, iliyopata rangi kwa Pinot Noir au Pinotage. Ina mwili kidogo wa mvinyo mwekundu na inaweza kusimama na nyama. Chupa hiyo hiyo inafaa mishkaki, na jodari aliyebabuliwa juu juu akabaki mwekundu katikati. Biriani inageuka tena kwa sababu ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu na masala yenye tungule: Prosecco Extra Dry inakaa salama, Brut inaonekana imenuna.

Tamutamu sitazungumza sana. Halua, kaimati, visheti na mkate wa kumimina vinaifanya Brut yoyote ionekane kama siki. Mvinyo lazima uwe mtamu kuliko kitafunwa, na hata Demi-Sec haifiki halua. Kahawa chungu ndiyo mwenzake toka zamani.

Kwa mhudumu asiyekunywa

Wengi ninaofanya nao kazi hawanywi, dini yao haiwaruhusu, na hakuna anayepaswa kuwalazimisha waonje. Hilo halimzuii mtu kushauri vizuri. Anayejua kwa ulimi wake tofauti ya uchachu wa ndimu, wa ukwaju na wa embe mbichi, na anayejua mchuzi wa leo umekolea nini, ana maarifa ambayo mgeni hana. Lebo inakupa sukari, asili na umri. Jikoni kunakupa mafuta, chumvi na pilipili. Sema hivyo hivyo kwa mgeni: "Mchuzi wa leo una tui zito na pilipili kidogo, kwa hiyo napendekeza hii ya Afrika Kusini." Hakuna atakayekuuliza kama umeinywa.

Baridi, kufungua na chupa iliyobaki

Chupa hizi zinywewe kati ya nyuzi 6 na 10 za Selsiasi. Kwa joto letu, gilasi inapoteza baridi kabla mgeni hajamaliza picha, kwa hiyo mimina kidogo kidogo. Umeme ukikatika na chupa haikuwa kwenye friji, tia barafu na maji nusu kwa nusu kwenye ndoo, ongeza chumvi ya mawe gao moja, zamisha chupa mpaka shingoni. Baada ya nusu saa iko tayari. Barafu tupu bila maji haishiki chupa yote, inachelewa. Stoo yenye joto inaua mvinyo huu polepole, na sijui ni mikahawa mingapi inaweka shampeni ya bei mbaya kwenye rafu ya juu karibu na bati.

Ndani ya chupa ya shampeni au Cap Classique kuna msukumo wa bar 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya gurudumu la gari dogo. Usimwelekezee mtu. Kidole gumba kisitoke juu ya kizibo tangu unapolegeza waya, inamisha chupa, shika kizibo imara na uzungushe chupa yenyewe. Kinatakiwa kitoke kwa pumzi ndogo. Ule mlio wa bunduki unaowafurahisha watu unamwaga mapovu uliyoyalipia, na chupa yenye joto itakumwagikia hata ukiifungua kwa adabu.

Upatikanaji nao ni wa kufikiria unapopanga orodha. Mwanzoni mwa 2024 vileo viliadimika visiwani baada ya mabadiliko ya vibali vya waagizaji, na waliokuwa na jina moja tu la mapovu kwenye orodha walibaki wakiomba radhi. Andika aina, usiandike chapa moja: "Cap Classique Brut" inakuachia nafasi ya kubadilisha shamba. Ukiwa na nafasi ya aina mbili tu kwenye friji, ziwe Cap Classique Brut na Prosecco Extra Dry. Shampeni iagize kwa ahadi ya mgeni.

Ikibaki nusu chupa, kijiko cha fedha shingoni hakisaidii chochote, ingawa bado naona watu wakikiweka kwa imani kubwa. Nunua kizibo cha kubana chenye mabawa mawili, funga mara tu unapomimina, rudisha kwenye baridi. Cap Classique, Cava na shampeni zitafika kesho mchana zikiwa na uhai. Prosecco imalizeni usiku huo huo.